Kikombe Nilichokiosha Mara Tatu

Mliponiomba niwaandikie kitu cha kuwaachia, ninyi walimu vijana wa kundi letu la mtandaoni, nilidhani mnanitania. Mtu amestaafu majuzi, bado anaamka saa kumi na moja alfajiri akitafuta viatu vya kazini, ataandika nini? Vyeo siviandiki kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya siku ya kwanza, juu ya mtu aliyenishika mkono, na juu ya kikombe kimoja cha bati kilichonipa mshtuko ambao sijaumaliza hadi leo. Humu mnanijua kama Mwalimu wa Chaki. Jina langu ni Syombua. Kuna mmoja kati yenu ambaye akilisoma jina hilo atataka kuitupa simu. Namwomba asome mpaka mwisho kwanza.

Nilianza kazi katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Kasikeu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sketi mpya, na andalio la somo la kurasa nne nililoliandika kwa kalamu mbili, bluu na nyekundu. Darasa la kwanza, watoto sabini na wawili. Andalio lilisema utangulizi uchukue dakika tano. Dakika ya tano ilipofika, wawili walikuwa wanapigana, mmoja amelala, na mmoja alikuwa amekwenda kwao. Chuoni hawakuniambia kwamba mtoto anaweza kuinuka katikati ya somo akaenda kwao. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akikata kona kwenye shamba la mbaazi, na nikajua kwamba kazi hii imenishinda kabla ya saa nne.

Saa nne ikawa chai. Kwenye ukuta wa chumba cha walimu kulikuwa na misumari kumi na mmoja, na vikombe kumi na kimoja. Kikombe cha mtu ni cha mtu. Mgeni huja na chake kutoka nyumbani, ila hakuna anayemwambia, kwa hiyo siku ya kwanza husimama tu na mikono yake. Ndivyo nilivyosimama. Mzee mmoja wa hesabu za darasa la nane, Mwalimu Nzioka, akateremsha kikombe chake cha bati, cha bluu, ukingoni kimebanduka rangi. Akakijaza chai akanipa. Yeye akanywea kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

"Kunywa, mwana wakwa," akaniambia, mwanangu kwa Kikamba. "Hakuna mtu anaweza fundisha na koo imekauka."

Nilikunywa chai ile nikilia. Hakuniuliza kwa nini.

Mwalimu Nzioka alinifundisha kazi ambayo chuo kilikuwa kimenipa cheti chake tu. Alinifundisha kuloweka chaki kwenye maji ya sukari na kuianika, ili isitoe vumbi na iandike kwa kung'aa. Alinifundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda, na kutompigia kelele mtoto wa nyuma bali kwenda kusimama karibu naye. Zaidi ya yote alikuwa na desturi yake ya Ijumaa. Watoto wakishakwenda, walimu tunaketi, na kila mmoja anasema wiki hiyo ameanguka wapi. Yeye ndiye aliyeanza daima. "Wiki hii nimeanguka kwa sehemu," alikuwa akisema, mtu aliyefundisha hesabu za sehemu miaka ishirini. "Wamenitazama kama mbuzi anatazama gazeti." Baada ya hapo hakuna mgeni aliyeona haya kusema lake.

Nilipohamishwa kwenda upande wa Kathonzweni, Ijumaa hizo zilikwisha. Huko kila mtu alikuwa mwalimu hodari, na ukiuliza kitu unaangaliwa. Nilikuwa na msichana mmoja darasani, Ndanu, ambaye muhula mzima hakutoa neno. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwita mama yake. Mwisho nikamwandikia Mwalimu Nzioka barua. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili: "Usimuulize swali lolote. Mpe dasta." Nikamkabidhi Ndanu kazi ya kufuta ubao. Siku ya nane alifika kwenye neno moja, akasimama, akanigeukia. "Mwalimu, hili umeandika vibaya," akasema. Ndilo neno lake la kwanza katika elimu ya Kenya, na alikuwa na haki.

Mwalimu Nzioka alipofariki, mjane wake aliniletea kile kikombe kimefungwa ndani ya leso. Nilikitundika Kathonzweni, na nilipohamia Migwani nikakitundika huko, kwenye msumari ulio kando ya wangu. Hakuna aliyekinywea. Sikumkataza mtu, walijua tu. Kila Ijumaa nilikifuta vumbi. Niliona ninamheshimu marehemu, na hakuna siku niliyojiuliza yeye mwenyewe angesemaje akikiona kinakaa bila chai.

Sasa nije kwenu. Mpwa wangu anayefundisha mjini Wote ndiye aliyeniingiza katika kundi hili, nikiwa nimebakiza miaka miwili na ushee nistaafu. Nilichagua picha ya kipande cha chaki na jina la Mwalimu wa Chaki, kwa sababu sikutaka mtu ajue kwamba mwalimu mwandamizi mzima anahangaika na mtaala mpya. Siku ya pili nikasoma ujumbe wa kijana aliyeanza kazi wiki tatu nyuma: "Darasa limenishinda. Nasaidiwaje?" Nilishtuka. Mbele ya maelfu ya watu! Enzi zetu ungekufa na siri hiyo. Nikangoja wamrarue. Badala yake, baada ya dakika nne alikuwa na majibu kumi na mawili, na mtu kutoka pwani alikuwa amempigia picha daftari lake zima la maazimio ya kazi. Nilikaa na simu mkononi nikafikiria zile wiki tatu za barua. Hii ilikuwa Ijumaa ya Mwalimu Nzioka, watu wote wameketi, kila mmoja anasema ameanguka wapi.

Basi nikanogewa. Nikajibu hili, nikajibu lile, maji ya sukari, vifuniko vya soda, dasta. Mkaanza kuniita kwa jina: "Chaki yuko wapi, Chaki atujibu." Nawaambia ukweli, sifa zile zilinipanda kichwani. Nilikuwa mama wa walimu wapya wa nchi nzima.

Januari iliyofuata shule yetu ya Migwani ikapata mwalimu mpya wa mkataba, Halima, binti wa familia ya wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini mashariki. Msichana mwembamba, hijabu nyeusi, mkoba uliojaa vitabu. Akapewa Gredi ya Kwanza, watoto wanaotoka kwao na Kikamba kitupu, na yeye Kikamba hajui hata salamu. Saa nne akaingia chumba cha walimu. Sisi tulikuwa tunazungumza Kikamba kama kawaida. Akasimama kidogo. Hakuna aliyeinuka. Akaona kikombe kimoja kimetundikwa bila mtu, akakiteremsha, akajimiminia chai, akanywa.

Alipokiweka mezani nilikichukua bila kumsalimu wala kumtazama, nikaenda kwenye karai nikakiosha kwa sabuni. Nikakiosha tena. Nikakiosha mara ya tatu, nikakikausha kwa kitambaa changu mwenyewe, nikakirudisha kwenye msumari. Kesho yake Halima alikuja na chupa ya maji, na tangu hapo mapumziko yote alikaa darasani kwake. Nilimwona na nikasema moyoni, huyu naye ana maringo.

Wiki chache baadaye likaja swali humu kundini. Mnakumbuka kwamba wasimamizi wetu huweza kupitisha swali bila jina, na swali hili halikuwa na jina. Mwalimu mpya alikuwa amepelekwa mbali na kwao, anafundisha wadogo, lugha ya watoto haijui, na walimu wenzake wanazungumza lugha yao hivi kwamba hasikii hata tangazo la mkutano. Nilimhurumia sana. Nilimwandikia maelezo marefu: watoto wawe walimu wako, kila siku wakufundishe maneno matano, nawe uwafundishe matano ya kwenu, yaandike kwenye karatasi, yabandike kila mahali. Nikaongeza msemo wangu kwamba mtoto humpenda mwalimu anayekosea mbele yake. Mkanipigia makofi.

Siku tatu baadaye nikapita karibu na Gredi ya Kwanza. Kwenye ndoo ya maji palikuwa na karatasi ya Kiswahili, Kikamba na lugha ya kwao Halima: maji, kiw'u, biyo. Mlangoni: mlango, muomo, albaab. Watoto walikuwa wanamsahihisha Halima matamshi, wanacheka, naye anacheka nao. Nilimwambia Mutua, jirani yangu wa darasa, "Huyu msichana ako na kitu. Sijui amejifunza wapi." Ndugu zanguni, niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Nyani haoni kundule. Sikuunganisha kabisa, kwa sababu yule wa simuni nilikuwa nampenda, na huyu wa darasani nilikuwa sijamsalimu.

Ikafika Jumamosi moja ya Machi. Nilikuwa nimepeleka mahindi kwenye kinu cha unga pale sokoni Migwani, nangoja zamu yangu na simu mkononi. Mwalimu yule asiye na jina alikuwa ameandika tena. Alisema kuna mwalimu mmoja mzee shuleni kwake anayemdharau tangu siku ya kwanza, na sasa amechoka. Hasira zikanishika. Nikaandika upesi, vidole vinagongana: "Usitishwe na huyo. Mwalimu anayemdharau mgeni hastahili kushika chaki. Tuambie alikufanyia nini."

Jibu likaja.

"Siku yangu ya kwanza nilinywa chai kwa kikombe kilichokuwa kimetundikwa. Nilipomaliza alikichukua akakiosha mara tatu kwa sabuni nikimwangalia, akakipangusa kwa kitambaa chake. Hakusema neno. Kwetu hata mbwa hafanyiwi hivyo mbele ya watu. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, Jumatatu naipeleka kwa mwalimu mkuu. Nisaidieni tu kujua inahitaji nakala ngapi."

Nilisoma mara moja. Nikakaa juu ya gunia la mtu. Kinu kilikuwa kinanguruma nami sikukisikia. Chini ya maneno yake mlikuwa mmeanza kuja, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke wa roho mbaya. Mchawi. Wazee wa namna hiyo wafukuzwe. Mmoja wenu aliandika, "Chaki ameshasema, hastahili kushika chaki," na watu mia wakampa moyo mwekundu. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walimaliza wenyewe.

"Mwalimu!" mwenye kinu akaniita. "Mwalimu Syombua! Unga inamwagika!"

Niliuacha umwagike.

Nilifikiria kutoka kundini. Nilifikiria kuandika kwamba labda mama huyo alikuwa na sababu, kwamba kikombe kilikuwa cha marehemu. Nikaanza kuandika hivyo, nikafuta, kwa sababu nilijua mtajibu nini, na mngekuwa na haki. Saa moja nzima nilikuwa mtu aliyeshikwa. Halafu nikafikiria Jumatatu. Watoto arobaini na sita wangefika wakute mlango umeandikwa kwa lugha tatu na mwandishi hayupo. Nikaandika mstari mmoja tu: "Usipeleke barua hiyo kabla ya chai ya saa nne Jumatatu. Nakuomba." Hakujibu.

Jumatatu, dakika tano kabla ya kengele, nilikwenda Gredi ya Kwanza. Halima alikuwa mezani, bahasha iko kando ya rejista.

"Madam Halima, kuja tukunywe chai," nikasema.

"Asante, Mwalimu. Niko na maji yangu."

"Sijakuuliza kama uko na maji."

Sauti ilinitoka kali, ile ya gwaride la asubuhi. Mtoto mmoja akaketi ambaye alikuwa tayari ameketi. Nikajaribu tena. "Tafadhali. Leo tu."

Nadhani aliukumbuka ule mstari mmoja wa simuni. Akachukua bahasha yake, akanifuata.

Chumba cha walimu kilikuwa kimejaa Kikamba. Nikawaambia, "Leo tuongee Kiswahili," wote wakanyamaza. Nikakiteremsha kikombe cha Mwalimu Nzioka, nikakijaza chai, nikampa Halima kwa mikono miwili. Hakukipokea.

"Si hiki ndicho ulichokiosha?" akauliza.

"Ndicho."

"Mara tatu."

"Mara tatu. Na sabuni."

Nikamweleza. Nilimweleza habari za Kasikeu, watoto sabini na wawili, yule aliyekwenda kwao, misumari kumi na mmoja, na mzee aliyenywea kwenye kifuniko. Na nilipokuwa nazungumza nikajisikia, kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote, nilichokuwa nasema. Kikombe hiki kilikuwa cha kumpa mgeni. Hakikuwahi kuwa na kazi nyingine. Mimi ndimi niliyekifanya kitu cha kutazamwa, na mgeni alipokuja akakichukua kwa haki yake, nikamfukuza nacho. Nilisema hivyo hivyo mbele yao, na nikasema naomba msamaha. Niliona nimemaliza. Kwa kweli nilianza kujisikia vizuri.

Halima akauliza, kwa upole, "Na kama ningekuwa Mkamba, Mwalimu, ungekiosha mara ngapi?"

Mutua akageukia ratiba ukutani kana kwamba imebadilika. Jibu la kusema lilikuwa tayari mdomoni: ni hizo hizo tatu, mwanangu, ni kwa ajili ya marehemu. Kila mtu mle ndani alikuwa analingoja jibu hilo, tupumue. Nikafungua mdomo.

"Mara moja," nikasema.

Nimesema mshtuko. Ule wa kinuni ulikuwa mdogo. Mshtuko ni kuisikia sauti yako mwenyewe ikisema jambo ambalo hukujua unalijua. Nimekwenda kanisani kila Jumapili tangu utotoni. Nimefundisha nyimbo za watoto wa mataifa yote. Na mikono yangu ilijua hesabu ile peke yake, bila kuniuliza.

Halima aliinamisha kichwa kidogo. "Haya," akasema. "Angalau umesema."

Akakipokea kikombe. Akanywa chai yote akiwa amesimama, ingawa ilikuwa ya moto. Akaenda kwenye karai, akakiosha mara moja, akakikung'uta maji, akakitundika. Halafu akasema, "Kengele imelia, mwenzenu nina darasa," akaondoka na bahasha yake. Adhuhuri nilipita kwake. Bahasha alikuwa ameikata vipande vinne na watoto walikuwa wanambishia jinsi ya kuandika jina la mbuzi.

Sitawadanganya kwamba tulikuwa marafiki siku hiyo. Ilichukua muhula mzima kabla hajanisalimu kwanza. Kiswahili chumbani kilikuwa kinatuponyoka kila baada ya dakika kumi, na ilibidi Mutua aanze kutukoholea. Lakini Ijumaa ya mwezi wa sita nilianzisha ile desturi ya kusema tumeanguka wapi. Mimi nilianza. Halima akawa wa pili. Alisema mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba mtoto wake anaomba "biyo" nyumbani na hakuna anayejua ni ugonjwa gani. Alicheka yeye kwanza, nasi tukacheka.

Jioni ya Jumatatu ile Halima aliandika humu kundini, bado bila jina: "Nimebaki. Tuone. Asante Mwalimu wa Chaki, niliingoja chai. Lakini ulijuaje?"

Sikujibu. Swali hilo limekaa hapo miezi kumi na saba. Nimekaa nawe chumba kimoja cha walimu, Halima, nimekusaidia kubandika karatasi, umenifungia zawadi ya kustaafu kwa mikono yako, na siku hiyo ukaniambia kuna mwalimu mmoja mtandaoni ungependa nikutane naye, kwa sababu tunazungumza sawa. Nikasema nitafurahi. Nilirudi nyumbani nikalala nikiwa na viatu.

Jibu ni hili. Nilijua kwa sababu nilikuwa mimi. Aliyekuambia uingoje chai ndiye aliyekufanya uandike barua ya kuacha kazi. Yale mema niliyokuambia humu yalikuwa ya kweli, na ile sabuni ilikuwa ya kweli, na vyote vilitoka kwa mikono hii miwili. Wewe ndiwe wa kuamua ni yupi umwite mwalimu wako, na ukiamua hakuna kati yao, sitakulaumu.

Kikombe sikukichukua. Nimekihamisha kutoka kando ya msumari wangu, kiko kwenye msumari wa kwanza ukiingia mlangoni. Muhula ujao mnaletewa mwalimu mpya hapo Migwani, nimesikia. Mpe chai kabla hajakaa. Akimaliza, kioshe mara moja.